Mlipuko wa Newala na Kisanduku cha Kutafutia

Ukitaka kupima kama mwanachuo amefundishwa kutafuta maandiko ya kitaaluma, usimpe mada ya mbali. Mpe jambo la kwao. Kwa anayesomea uuguzi Newala au utabibu Masasi, kusini mwa Tanzania, jambo hilo lipo, na uzito wake umevuka mipaka ya nchi. Homa ya chikungunya, ambayo leo inawahangaisha madaktari wa India, Brazil na visiwa vya Karibiani, iliingia katika maandiko ya sayansi kutokana na mlipuko uliozuka uwanda wa Makonde mwaka 1952 na kuendelea hadi 1953. Hata jina lake limetoka Kimakonde. Mwaka 1955 jarida la Royal Society of Tropical Medicine and Hygiene la Uingereza lilichapisha ripoti mbili zinazofuatana: ya Marion Robinson, iliyoeleza dalili za wagonjwa, na ya W. H. R. Lumsden, iliyoeleza namna ugonjwa ulivyosambaa. Mwaka 1956 R. W. Ross, aliyekuwa mtafiti katika taasisi ya virusi ya Entebbe, alichapisha ripoti ya tatu katika Journal of Hygiene akieleza jinsi kirusi chenyewe kilivyopatikana katika damu ya wagonjwa. Ripoti hiyo ya tatu imebeba jina la Newala kwenye kichwa chake. Watafiti wa chikungunya wanazinukuu ripoti hizi hadi leo. Lakini katika kazi ya maktaba za vyuo vya kusini niliyoifanya kwa miaka mingi, nimezoea kuona wanachuo wa palepale zilipoanzia ambao hawajawahi hata kuzisikia, na wengi wao ni vijana wenye bidii na akili nyepesi kuelewa.

Nimelitafakari jambo hilo kwa muda mrefu, na jibu nililolifikia si lile tunalolisikia kila siku. Tunalolisikia ni kwamba vyuo vyetu ni maskini, rafu za maktaba ziko tupu, na makala nzuri zimefungiwa na wenye fedha. Zamani hiyo ilikuwa kweli isiyopingika. Kabla ya daraja la Mkapa kufunguliwa mwaka 2003, mwanachuo wa Ndanda aliyehitaji toleo la zamani la jarida la tiba alipaswa kufunga safari hadi Dar es Salaam, na wakati wa masika mto Rufiji na tope la barabara ya Kibiti vilikuwa na uamuzi wa mwisho kuhusu elimu yake. Leo ripoti ya Ross, kurasa 177 hadi 191 za juzuu ya 54, imewekwa wazi mtandaoni, na yeyote mwenye simu janja anaweza kuisoma akiwa Kitangali bila kulipa senti. Kwa hiyo umbali hauelezi tena kwa nini hasomi. Fedha nazo zinaeleza sehemu ndogo tu. Makala tunazo. Tulichokosa ni ufundi wa kuzitafuta, na tumeukosa kwa sababu vyuo vinaufundisha kando ya masomo, kwa siku moja ya mwanzo wa mwaka, kabla mwanachuo hajawa na swali lolote la kumsukuma kutafuta.

Tuliangalie jambo lenyewe kwa karibu. Mwanachuo anafungua PubMed, kanzidata ya makala za tiba inayotunzwa na maktaba ya taifa ya tiba ya Marekani, iliyo wazi kwa umma tangu miaka ya 1990. Anaandika «chikungunya Tanzania» ndani ya kisanduku. Yanamjia matokeo mengi: makala za maabara, za mbu, za watalii waliorudi Ulaya na homa. Juu kabisa zimekaa zile ambazo mashine imekadiria kuwa zinayafaa zaidi maneno yake. Ripoti tatu za Makonde hazioni. Anahitimisha kwamba hazipo, au kwamba mkufunzi aliyemtajia alitia chumvi. Sababu ya kutoziona ni nyepesi ukishaijua: vichwa vya ripoti zote tatu havina neno chikungunya, kwa kuwa jina hilo lilikuwa bado halijakaa katika lugha ya sayansi, na havina neno Tanzania, kwa kuwa nchi yenye jina hilo ilikuwa haijazaliwa. Robinson na Lumsden waliandika juu ya mlipuko wa ugonjwa wa virusi katika Jimbo la Kusini la Tanganyika. Ross aliandika juu ya mlipuko wa Newala. Mwanachuo huyohuyo akifuta alichoandika na kuweka «Newala epidemic» ndani ya alama za kunukuu, ili maneno mawili yatafutwe yakiwa yameshikana, kisha akabana miaka iwe 1950 hadi 1960, orodha inapungua hadi kutosha kioo cha simu. Anaigusa rekodi ya Ross na chini yake anaona alama kwamba nakala kamili inapatikana bure. Kazi nzima haifiki dakika tano, lakini ndani yake kuna maarifa manne ambayo hakuna anayezaliwa nayo: kujua kwamba majina hubadilika, kujua matumizi ya alama za kunukuu, kujua kubana miaka, na kujua kusoma rekodi kabla ya kukimbilia kupakua.

Kuna njia nyingine ya kuzifikia ripoti hizo, nayo ndiyo ninayoipendelea zaidi ninapofundisha. Mwanachuo aanze na makala yoyote ya karibuni inayoeleza historia ya chikungunya, asiisome yote, ashuke moja kwa moja kwenye marejeo. Humo atawakuta Robinson, Lumsden na Ross, pamoja na majina ya majarida, juzuu na kurasa. Halafu ageuze mwelekeo: kwenye Google Scholar, iliyoanzishwa mwaka 2004, chini ya kila makala kuna kiungo cha makala zilizoinukuu. Kwa Ross, kiungo hicho kinafungua mamia ya maandiko yaliyokuja baadaye, yakiwemo ya mlipuko wa Lamu na Mombasa wa mwaka 2004 na wa kisiwa cha Réunion uliofuata, ambako karibu theluthi moja ya wakazi waliugua. Anayejua kurudi nyuma kwa marejeo na kwenda mbele kwa minukuu anaanza kuona kwamba makala hazikukaa zikiwa zimetengana. Zinajibizana, na mazungumzo hayo yalianza kwao.

Hapo ndipo tofauti ya kanzidata na utafutaji wa kawaida inapoeleweka, kwa sababu mwanachuo ana tatizo halisi mkononi. Katika kanzidata nzuri kila makala ina rekodi: majina ya waandishi, kichwa, jarida, mwaka, ikisiri, na mara nyingi istilahi za mada zilizochaguliwa kutoka katika orodha moja inayokubaliwa na wote. Istilahi hizo zina thamani kubwa. Makala mbili zinaweza kutumia maneno tofauti kwa ugonjwa mmoja, lakini zikashika istilahi moja, na atakayetafuta kwa istilahi atazipata zote. Ndiyo maana namsisitizia mwanachuo kwamba akipata makala moja inayomfaa kwelikweli, aangalie imepewa istilahi gani, azichukue, arudi nazo kwenye kisanduku. Ajifunze pia kwamba AND hupunguza matokeo, OR huyaongeza, na kwamba maneno yenye maana moja huunganishwa kwa OR ndani ya mabano. Mwenye kuandika Tanganyika OR Tanzania ameshawazidi wenzake wengi kwa hatua moja ndefu.

Suala hili la majina ni zito kusini kuliko mahali pengi, kwa sababu ardhi hii imeandikwa na watu wengi wa lugha nyingi. Karl Weule, mtaalamu wa ethnografia kutoka Leipzig, alipita Masasi na Newala mwaka 1906, na kitabu chake cha Kijerumani kikatoka mwaka 1908. Tafsiri ya Kiingereza ya Alice Werner ikafuata mwaka 1909, na kwa umri wake sasa inasomwa bure mtandaoni. Katika maandiko ya Wajerumani wa wakati ule Masasi huandikwa Massassi. Ng'ambo ya mto Ruvuma, upande wa Msumbiji, Wareno waliwaandika Wamakonde kwa herufi c badala ya k, na mtafiti wa jando, unyago au uchongaji asiyeandika Maconde atakosa sehemu nzima ya maandiko kuhusu watu wa uwanda wa Mueda, ambao ni ndugu wa watu wa Newala. Kitangali huandikwa pia Kitangari, na mto wenyewe ni Ruvuma kwa wengine na Rovuma kwa wengine. Mwanachuo wa ualimu anayetafuta historia ya misheni ya Masasi, iliyoanzishwa na Askofu Edward Steere mwaka 1876 kwa ajili ya watu waliokombolewa utumwani, atakutana na Wangoni wakiitwa Magwangwara. Kanzidata haijui kwamba hao ni walewale. Mtu wa Masasi ndiye anayejua. Kwa maana hiyo mwanachuo wa kusini ana mtaji ambao mwanachuo wa Leiden au Boston hana, na inauma kuona anakaa mbele ya kompyuta kana kwamba yeye ndiye mgeni.

Korosho nazo zinatoa mfano wa aina hiyo. Kila mkulima wa Newala anaujua ubwiriunga, ugonjwa wa mikorosho unaoletwa na kuvu, na wazee wanakumbuka miaka ambayo mikorosho ilitelekezwa. Uzalishaji wa nchi ulifika tani 145,000 hivi msimu wa 1973/74, na msimu wa 1986/87 ulikuwa umeporomoka chini ya tani 20,000. Kwa nini? Wapo wanaotaja ugonjwa, wapo wanaotaja kuhamishiwa vijijini kulikowaweka watu mbali na mashamba yao, wapo wanaotaja bei. Mjadala huo umeandikwa, tena kwa kina. Kitabu cha makala kilichohaririwa na Pekka Seppälä na Bertha Koda kuhusu kusini mwa Tanzania, kilichotolewa Uppsala mwaka 1998, kinaugusa. Na makala ya P. J. Martin na wenzake, wakiwemo watafiti wa kituo cha utafiti wa kilimo cha Naliendele, katika jarida la Crop Protection la mwaka 1997, inaeleza vikwazo vya kilimo cha korosho na matumizi ya salfa dhidi ya ubwiriunga. Anayeandika «ubwiriunga» peke yake kwenye kanzidata za kilimo hataona karibu chochote. Akiandika jina la kisayansi la kuvu huyo, Oidium anacardii, mlango unafunguka, na unafunguka kwa maandiko ya Tanzania, ya Msumbiji, ya India na ya Brazil kwa pamoja. Jina la kisayansi halina lugha ya nyumbani, na ndiyo faida yake kwa anayefikiri kwa Kiswahili.

Najua pingamizi la kwanza litakalotolewa, na si dogo. Watasema: mtandao uko wapi? Umeme hukatika, kompyuta za chuo ni chache, bando linanunuliwa kwa fedha ya chakula. Siwezi kulipuuza, kwa sababu ni maisha ya wanachuo wenyewe. Lakini lina udhaifu mmoja. Wanachuo haohao wako mtandaoni kila siku, kwa simu zao, kwa bando walilojinunulia. Ukurasa wa matokeo ya kanzidata ni maandishi matupu, na makala ya kurasa kumi na tano kwa kawaida hula bando kidogo kuliko video fupi ya muziki. Tena anayejua kutafuta hutumia kidogo kuliko asiyejua: anasoma ikisiri kumi, anapakua makala mbili, anafunga. Asiyejua anapakua kila kinachokuja mbele yake, kisha analalamika kwamba bando limeisha na bado hana kitu. Chuo chenye mtandao dhaifu kina sababu kubwa zaidi ya kufundisha utafutaji, maana hakina nafasi ya kupoteza. Na mkutubi anaweza kupakua usiku, mtandao unapokuwa mwepesi, makala zinazohitajika katika somo la wiki ijayo na kuzigawa kwa flashi au kuziweka kwenye kompyuta moja ya maktaba, ilimradi masharti ya matumizi yanaruhusu.

Pingamizi la pili ni la makala zilizofungwa. Ni kweli kwamba wachapishaji wengi hudai dola 30 au zaidi kwa makala moja, na hakuna mwanachuo wa Masasi atakayelipa hizo, wala hapaswi. Hapa ndipo ninapoona uzembe wa mfumo zaidi ya umaskini wake. Tangu mwaka 2002 Shirika la Afya Duniani na wachapishaji wamekuwa na mpango wa Hinari, unaofungua majarida ya tiba kwa taasisi za nchi zenye kipato kidogo. Mwaka 2003 ikafuata AGORA ya kilimo chini ya FAO, na baadaye mipango mingine ya mazingira, teknolojia na sheria, yote sasa ikikaa chini ya jina la Research4Life. Tanzania imo katika kundi la nchi ambazo taasisi zake hazilipi. Anayejisajili ni taasisi, si mtu binafsi: chuo kinajaza fomu, kinakubaliwa, kinapewa jina la mtumiaji na nywila. Vyuo vya uuguzi na hospitali vinastahili pia, si vyuo vikuu peke yake. Kwa hiyo mwanachuo anapokuta makala imefungwa, swali la kwanza si fedha. Swali ni: je, chuo changu kimesajiliwa, nani anaitunza nywila, na kwa nini imefungiwa kabatini kama siri ya mtihani? Nimeona nywila ikikaa kwa mtu mmoja ofisini hadi mtu huyo akahamishwa, nayo ikaondoka naye. Chuo sikitaji, kwa kuwa jambo hilo haliko kwa kimoja.

Zaidi ya hapo, sehemu kubwa ya maandiko haikufungwa kabisa. African Journals Online, iliyoanza mwaka 1998 na ambayo makao yake yako Afrika Kusini, imekusanya majarida ya bara hili, likiwemo la utafiti wa afya la Tanzania. Orodha ya majarida huria ya DOAJ ilianzia Chuo Kikuu cha Lund mwaka 2003. Na makala iliyofungwa kwa mchapishaji mara nyingi ina nakala halali kwenye hifadhi ya chuo cha mwandishi. Isipokuwepo, mwandishi mwenyewe huwa anafurahi kuombwa nakala kwa barua pepe. Wanachuo wetu hawaombi kwa sababu hakuna aliyewaambia kwamba kuomba kunaruhusiwa.

Pingamizi la tatu linanigusa zaidi kuliko mengine, nalo ni la lugha. Makala karibu zote za tiba na kilimo ziko kwa Kiingereza, na Kiingereza cha majarida ni kigumu hata kwa Mwingereza. Kijana aliyesoma shule ya msingi kwa Kiswahili, akapita sekondari ya kata iliyokosa walimu, anawekewa mbele yake kurasa ishirini za takwimu. Kumwambia ajitahidi tu ni kumdhulumu. Yapo majarida ya kitaaluma yanayoandika kwa Kiswahili, kama Kiswahili la Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na Swahili Forum linalotolewa Ujerumani na kusomwa bure. Wanachuo wa ualimu wayajue kabla ya mengine yote. Kwa tiba, hata hivyo, Kiswahili bado hakijapata majarida ya kutosha, na tusijidanganye. Ninachokipendekeza ni kufundisha umbo la makala. Ikisiri inasema nini kimefanyika na nini kimeonekana. Mbinu zinaeleza ilivyofanyika. Mjadala unasema maana yake na mipaka yake. Mwanachuo anayejua kwamba jibu la swali lake liko katika aya mbili za mjadala hasomi kurasa ishirini. Anasoma aya mbili kwa kamusi na subira, kisha anazijadili darasani kwa Kiswahili. Nimeona majadiliano ya namna hiyo yakifika mbali kuliko muhtasari wowote ulionakiliwa ubaoni kwa Kiingereza bila kueleweka.

Wapo pia wakufunzi, tena waadilifu, wanaoamini kwamba haya yote ni ya vyuo vikuu. Anayesomea cheti au diploma, wanasema, anahitaji kitabu cha kiada, miongozo ya wizara na mazoezi ya wodini, makala zitamchanganya. Kuhusu miongozo nakubaliana nao: muuguzi anayepuuza mwongozo wa taifa kwa sababu amesoma makala moja ni wa hatari. Lakini mwongozo hauwezi kueleza kila kitu kuhusu mahali fulani. Mwaka 2015 jarida huria la PLoS Medicine lilichapisha matokeo ya jaribio lililofanywa katika wilaya sita za Lindi na Mtwara, Newala ikiwa mojawapo, ambamo watu wa kujitolea vijijini walitembelea wajawazito na wazazi nyumbani kuwashauri juu ya kumtunza mtoto mchanga. Baadhi ya mienendo iliyofundishwa iliongezeka. Vifo vya watoto wachanga, hata hivyo, havikuonekana kupungua kwa sababu ya ushauri huo. Muuguzi atakayezalisha akina mama wa Newala kwa miaka thelathini ijayo ana haki ya kulijua jambo hilo na kujiuliza sababu: je, kina mama walifika kituoni wakakuta huduma pungufu? Je, tatizo liko njiani au wodini? Hayo ni maswali ya kazi yake ya kila siku. Mama zake na shangazi zake ni miongoni mwa waliohojiwa na watafiti wa aina hii, walitoa muda wao na habari za nyumba zao. Kusema kwamba matokeo yake ni ya watu wa chuo kikuu ni kuwanyima waliotoa habari matunda ya walichokitoa.

Kuna wanaosema Google inatosha, na siku hizi wanaosema akili mnemba inatosha. Google inatosha kwa mengi, nami huitumia. Kasoro yake kwa kazi ya kitaaluma ni kwamba inaliweka jarida la kitapeli, linalochapisha chochote kwa malipo, sambamba na jarida lililopitiwa na wataalamu, na macho ya mwanachuo wa mwaka wa kwanza hayawezi kuyatofautisha. Programu za akili mnemba zina hatari ya aina nyingine: zinaweza kutaja makala yenye kichwa kizuri, waandishi wanaosadikika na mwaka kamili, na makala hiyo isiwepo popote duniani. Dawa yake ni ileile ya utafutaji. Andika kichwa hicho ndani ya alama za kunukuu kwenye kanzidata. Kama hakuna rekodi, usikitumie.

Sasa, kama ufundi huu ni wa lazima, ufundishwe vipi? Siku ya kuwakaribisha wageni, wanachuo wapya hupitishwa maktabani kwa kundi, wakaonyeshwa rafu, wakatajiwa majina ya kanzidata, wakasaini kwenye daftari. Jioni hawakumbuki hata moja, na si kosa lao, kwa kuwa hakuna anayekumbuka jibu la swali ambalo hajaliuliza. Ufundi wa kutafuta unashika pale mkufunzi wa magonjwa ya kuambukiza anapotoa kazi ambayo haifanyiki bila kutafuta, na mkutubi anapokaribishwa katika kipindi hichohicho. Kazi iwe ya kwao: tafuta ripoti tatu za mlipuko wa 1952, eleza Lumsden alisema nini kuhusu mbu na maji yanayowekwa majumbani katika uwanda usio na mito, linganisha na yanayohifadhiwa mtaani kwenu leo. Alama zitolewe kwa majibu na kwa njia pia: maneno gani ulitumia, uliyabadilisha vipi, kwa nini uliikataa makala hii ukaichukua ile. Mkufunzi asiyetafuta mwenyewe ataona kazi hiyo kuwa nzito, na hapo ndipo wakuu wa vyuo wanapotakiwa kuwa wakali kidogo. Mkutubi akibaki mtunza funguo na mpanga vitabu, hata nywila zote za dunia hazitasaidia.

Jambo la mwisho ninalolidai linahusu upande wa pili wa kanzidata. Kila mwaka wanachuo wa vyuo hivi wanafanya kazi za utafiti za kumaliza masomo: za vyandarua, lishe ya watoto, utoro shuleni wakati wa msimu wa korosho, maji. Zinachapwa steshenari, zinajaladiwa, zinasahihishwa, zinawekwa kabatini. Nyingine zina makosa ya vijana wanaojifunza. Nyingine zina habari za vijiji ambavyo hakuna mtafiti wa nje aliyewahi kuvifikia. Hakuna hata moja itakayotokea mtu atakapoandika Newala kwenye kisanduku mwaka 2040. Hifadhi ya kidijitali ya chuo haihitaji fedha nyingi. Zipo programu huria ambazo vyuo vikuu vya nchi hii tayari vinazitumia, na vyuo vya kati vinaweza kuomba kuhifadhiwa humo. Kamati ya mitihani ikishamaliza kazi yake, mkufunzi mmoja achague zilizo bora, aondoe majina ya wagonjwa na wahojiwa, ahakikishe kila moja ina ikisiri kwa Kiswahili na kwa Kiingereza, na kwamba kichwa kinataja wilaya, nchi, na jina la ugonjwa au zao kwa namna zote mbili linavyojulikana. Kazi ya ubwiriunga iandikwe ubwiriunga, na iandikwe Oidium anacardii.